Mazoezi Khon Kaen: saa nzuri huhama na msimu

Swali: Mimi ni mwalimu kutoka Nairobi. Nafundisha Kiingereza katika shule moja ya Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, na huu ni mwaka wangu wa pili. Nyumbani nilikuwa nakimbia kila alfajiri. Hapa nimeongezeka kilo nane. Joto linanimaliza, mbwa wa vichochoroni wananifukuza, kuanzia Januari hewa inanuka moshi, na jimu yenye kiyoyozi iliyo karibu nami inataka nilipe mwaka mzima. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, pole kwa kilo hizo. Mambo manne uliyoyataja ndiyo hasa yanayomvunja mgeni moyo katika miji ya ukubwa huo, na yote manne yana dawa. Lakini tuanze na la tano ambalo hukulitaja, nalo ni saa. Alfajiri ya Nairobi haibadiliki sana, Januari hata Desemba, ukishaizoea, umeizoea. Khon Kaen, saa nzuri ya kutoka nje huhama kadiri msimu unavyohama. Ipo miezi ambayo alfajiri ndiyo nafasi pekee, na ipo miezi ambayo asubuhi ndiyo wakati mbaya kuliko wote. Anayeshika saa ileile mwaka mzima kwa sababu ndivyo alivyozoea kwao, Aprili atapata nafuu ya joto, lakini Januari atavuta moshi ambao angeweza kuukwepa.

Sababu ni hii. Mkoa wa Khon Kaen na jirani zake hulima miwa kwa wingi. Msimu wa kusaga miwa huanza Desemba hivi, na mashamba mengi huchomwa kabla ya kuvunwa ili majani yaondoke. Mabua ya mpunga nayo huchomwa baada ya mavuno. Usiku wa majira ya baridi ardhi hupoa haraka, hewa ya baridi hulala chini, na hewa yenye joto hukaa juu yake na kuuzuia moshi usipande. Moshi huo hubaki usawa wa pua mpaka jua liipashe ardhi. Kwa kawaida uchafu hufika kilele asubuhi, karibu saa moja hadi saa tatu, kisha hupungua mchana, na saa tisa hadi saa kumi na moja jioni ndipo hewa huwa na nafuu. Kwa hiyo, kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari, fanya mazoezi ya nje jioni. Ukitoka shuleni saa kumi na nusu nenda moja kwa moja, maana Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili.

Machi hadi katikati ya Mei mambo hugeuka. Joto la mchana mwezi wa Aprili hukaribia nyuzi 40 na siku nyingine huzipita, na lami huendelea kutoa joto hata baada ya magharibi. Hapo alfajiri ndiyo ya kukimbilia, kama hewa inaruhusu. Isiporuhusu, siku hiyo ni ya ndani. Mvua zinapoanza, katikati ya Mei hadi Oktoba, rudi kwenye desturi yako ya nyumbani: saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili. Mvua nyingi hunyesha alasiri na jioni, na Juni kunapambazuka mapema, jua huchomoza saa kumi na moja na nusu. Novemba ni zawadi. Hewa huwa bado safi, joto limeshuka, na unaweza kutoka saa yoyote.

Kuhusu moshi, usikisie kwa macho wala kwa pua. Weka kwenye simu programu ya Air4Thai, ya Idara ya Kudhibiti Uchafuzi ya Thailand. Usisome rangi peke yake. Tafuta namba ya PM2.5, yaani chembe ndogo sana za uchafu hewani, kwa mikrogramu katika mita moja ya ujazo. Kuna sababu mbili. Kwanza, faharasa ya ubora wa hewa ya Thailand na ile ya Marekani inayotumiwa na programu nyingi za kigeni hazihesabiwi kwa kipimo kimoja, kwa hiyo hewa ileile inaweza kuandikwa namba moja huku na nyingine kule. Pili, faharasa ya Thailand hutokana na wastani wa saa 24, na moshi uliokuja alfajiri hii unaweza usionekane ndani yake. Angalia takwimu ya saa iliyopita.

Kipimo cha kufuata ni hiki. Chini ya mikrogramu 25, fanya utakalo. Kati ya 25 na 37.5, fupisha na punguza kasi; mbio za kukatisha pumzi zisubiri. Tangu Juni 2023 kiwango cha juu kinachokubalika Thailand kwa wastani wa saa 24 ni 37.5, na Shirika la Afya Duniani linataka kisizidi 15, kwa hiyo ukivuka 37.5 ingia ndani bila mjadala. Ukivuka 75, hata kwenda sokoni vaa barakoa ya N95 iliyobana usoni. Ile ya kitambaa na ile nyepesi ya hospitali haziwezi chembe hizi. Kukimbia ukiwa umevaa N95 hakufai: unakosa hewa, barakoa inalowa jasho, na ikilowa inaacha mianya pembeni.

Sasa jimu, kwa sababu linaingia papo hapo. Usilipe mwaka mzima. Piga hesabu ya kalenda ya shule: muhula wa pili huisha Machi, shule hufunguliwa katikati ya Mei, kuna likizo nyingine Oktoba, na mikataba mingi ya walimu wa kigeni huisha au kuandikwa upya Machi. Ukilipa miezi 12, miezi miwili au mitatu utakuwa safarini au umehamia mkoa mwingine, na kurudishiwa pesa ni shida. Lipa mwezi mmoja mmoja hata kama bei ya mwezi iko juu kidogo, na uilipe miezi unayoihitaji kweli, Februari, Machi na Aprili, wakati nje kuna moshi, au joto, au vyote viwili. Kabla ya kulipa, nenda saa utakayokuwa unaitumia. Angalia kama milango hufungwa na kama kuna mashine ya kusafisha hewa. Kiyoyozi cha kawaida hupoza tu, hakichuji chembe ndogo, na jimu lenye milango wazi siku ya moshi halikusaidii kitu.

Miezi mingine tafuta jimu la kizamani, lisilo na kiyoyozi, lenye mafeni makubwa na vyuma vilivyochubuka rangi. Kila mji wa Thailand unayo. Unalipa kwa siku, mara nyingi baht 50 hivi au zaidi kidogo, na vyuma ni vilevile. Chukua taulo ya kutandika kwenye benchi na raba safi za ndani, kwani sehemu nyingine hawakubali viatu vilivyotoka barabarani. Soma namba kwenye vyuma kabla ya kubeba: baadhi ni kilo, baadhi ni paundi, na sahani ya paundi 45 ni kilo 20 na ushee. Kuchanganya upande mmoja kilo na mwingine paundi ndiko kunakotegua migongo ya watu.

Na kama huna hamu ya jimu, chumba chako kinatosha. Duka lolote huuza maji ya kunywa kwenye madumu ya lita 6, na hilo ni dumu la kilo 6 lenye mpini. Yale madumu makubwa yanayoletwa nyumbani yana karibu lita 20. Mara mbili kwa wiki fanya hivi: kuchuchumaa ukiwa umekumbatia begi lenye madumu mawili, mara 10, kuvuta dumu kuelekea kiunoni ukiwa umeinama, mgongo umenyooka, mara 12 kila mkono, pushapu mpaka zibaki mbili au tatu za akiba, kuinama kwa mguu mmoja ukishika dumu, mara 8 kila upande, kisha kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu kwa sekunde 30 hadi 45. Zungusha mara tatu, pumzika dakika moja na nusu kati ya mizunguko. Yote ni dakika 35. Ukiona unamaliza bila tabu, ongeza dumu kabla ya kuongeza idadi.

Kama utafanya mazoezi chumbani wakati wa moshi, nunua mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo, na uichague kwa ukubwa wa chumba, urembo wake usikushughulishe. Chumba cha mita za mraba 20 chenye dari ya mita 2.5 kina hewa ya mita za ujazo 50. Unataka hewa hiyo ipite kwenye kichujio mara tano kwa saa, yaani mashine iwe na uwezo wa mita za ujazo 250 kwa saa. Namba hiyo huandikwa kwenye kasha kwa herufi CADR. Washa nusu saa kabla, madirisha yakiwa yamefungwa.

Tukirudi kwenye joto, mtu wa Nairobi ana kazi kubwa kuliko mtu wa Mombasa au Dar es Salaam. Umetoka mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukashuka mahali pasipofika mita 200, penye unyevu mwingi. Mwili hujizoeza: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema na kutoka jingi. Kujizoeza huko huchukua siku 10 hadi 14, na hutokea tu ukiwa unatoka jasho nje, si ukiwa umekaa kwenye kiyoyozi. Siku nne za kwanza kimbia na kutembea kwa zamu dakika 20 tu. Kisha ongeza dakika tano kila siku ya pili hadi 45. Weka mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, na usiitazame kasi uliyokuwa nayo Nairobi. Kupoteza sekunde 30 hadi 60 kwa kila kilomita katika joto hili ni kawaida, na hakumaanishi umeharibika. Ukienda nyumbani likizo ya wiki tatu au nne, ukirudi anza tena kama mgeni. Watu wengi huzidiwa wiki ile ya kurudi, kwa sababu miguu inakumbuka lakini mwili umeshasahau joto.

Maji unayohitaji unaweza kuyapima mwenyewe. Jipime uzito bila nguo kabla ya kukimbia kwa muda wa saa moja, na tena baada ya kujifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya jasho. Jumlisha na ulichokunywa njiani. Ukijua unapoteza lita 1.2 kwa saa, kunywa mililita 500 hadi 700 kwa saa, zilizobaki utazirudisha taratibu baadaye. Usinywe mpaka uzito uzidi ule wa mwanzo. Maji mengi kupita kiasi huipunguza chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Pakiti za chumvi na sukari za duka la dawa zitumie ukipita dakika 75 au 90. Kwa mazoezi mafupi maji matupu yanatosha, maana chakula cha Isan, yaani kaskazini mashariki yote, kina chumvi nyingi tayari.

Ukiona mwenzako anaongea ovyo, anayumba, ngozi inawaka, hicho ni kiharusi cha joto. Usimpeleke kwanza hospitali. Mpoze hapo hapo: kivuli, maji baridi mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kinenani, huku mtu mwingine anapiga 1669, namba ya dharura ya matibabu nchi nzima.

Mahali pa kukimbilia unapo, tena pazuri. Ziwa la Bueng Kaen Nakhon lina njia ya kulizunguka ya takriban kilomita 4, yenye taa, watu na maji ya kununua, na upande wa kusini unapita chini ya Wat Nong Waeng, hekalu lenye mnara wa ghorofa tisa. Hata ukichoka nusu ya njia, hutakosa kivuli cha kukaa. Chuo Kikuu cha Khon Kaen kina barabara zenye miti na ziwa dogo la Bueng Si Than. Ndiko zinakofanyika mbio za kimataifa za marathoni za mji huo, kwa kawaida Januari, na ndiko kwenye vimwinuko kidogo katika mji ambao kwingine kote ni tambarare. Jambo moja la adabu: saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa kwenye vipaza sauti. Kila mtu husimama alipo. Simama nawe, wima na kimya, mpaka uishe.

Kukimbilia kwenye njia ya ziwa hupunguza pia tatizo la mbwa, kwa sababu mbwa wakali ni wa vichochoro na viwanja vya mahekalu, wanaolinda eneo lao alfajiri kukiwa kimya. Chora njia yako mchana, uone wanakolala. Wakikujia, acha kukimbia. Kukimbia ndiko kunakowaita. Geuka uwaelekee bila kuwakazia macho, rudi nyuma polepole, na uiname kama unayeokota jiwe. Mbwa wa Thailand wanalijua jiwe, na mara nyingi hurudi nyuma kabla hujaliokota. Lakini la muhimu zaidi ni chanjo. Kichaa cha mbwa kipo Thailand. Pata chanjo ya kinga mapema, sindano moja, na nyingine siku saba baadaye. Ukiumwa, au ukiparuzwa ngozi ikachubuka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Aliyechanjwa huhitaji sindano mbili tu, siku hiyo na siku tatu baadaye. Asiyechanjwa huhitaji mfululizo mrefu, na jeraha likiwa limetoa damu huongezwa dawa ya kingamwili ambayo si kila hospitali ndogo inayo.

Wakati wa mafuriko, usikimbie kwenye maji yaliyotuama, hasa ukiwa na mchubuko mguuni. Udongo na maji ya Isan vina bakteria wa melioidosisi, na mkojo wa panya huleta leptospirosisi, yote mawili maradhi ya kuambukiza yanayoingia kupitia ngozi iliyochubuka. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aliepuke kabisa tope hilo. Homa ikikupata wiki mbili tatu baada ya kukanyaga maji hayo, mwambie daktari bila kusubiri akuulize.

Mwalimu, kukimbia peke yako si lazima. Jioni, kwenye bustani za mji, kuna mazoezi ya viungo kwa muziki: mwalimu juu ya jukwaa, watu chini, bure au kwa sarafu chache. Hakuna kujiandikisha, simama mstari wa nyuma ufuate. Kuna pia mpira wa vinyoya, ambao Wathai wanaupenda mno. Vikundi hugawana kodi ya uwanja na bei ya kila kinyoya kilichotumika, nao hujipanga kwa daraja za herufi: BG ni wanaoanza, na P tayari ni wachezaji wakali. Sema ukweli kuhusu daraja lako, maana ukijikweza unawaharibia wengine mchezo. Muay thai, yaani ndondi za Kithai, nao ni mazoezi kamili ya mwili. Vua viatu kabla ya kupanda mkekani, msalimu mwalimu kwa viganja vilivyokutana, na mwite kru, yaani mwalimu. Mwezi wa kwanza mara mbili kwa wiki zinatosha. Mifupa ya miundi huhitaji muda kuzoea mfuko, na anayeanza kila siku huishia kuchechemea. Safisha michubuko siku hiyohiyo, kwani mikeka yenye jasho huambukiza ngozi.

Kilo nane hazikuletwa na kukosa mbio pekee. Angalia vinywaji kwanza. Chai ya barafu ya Kithai hutiwa sukari, kisha maziwa mazito yenye sukari. Ukinywa viwili kwa siku, mbio za asubuhi hazifui dafu. Sema «wan noi», utapata sukari kidogo, au «mai sai nam tan», wasiweke kabisa. Kisha wali wa kunata. Unautonga kwa vidole kama ugali na unashuka kwa urahisi, lakini kwa kuwa umepikwa kwa mvuke bila maji mengi, gramu 100 zina kalori 230 hivi, ambapo wali wa kuchemsha una 130. Tonge dogo, kuku wa kuchoma, saladi ya papai na sahani ya mboga mbichi ni mlo mzuri sana wa mwanamichezo. Punguza supu ya chini ya saladi hiyo: kijiko kikubwa kimoja cha mchuzi wa samaki kina karibu miligramu 1,400 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linataka usizidi 2,000 kwa siku. Protini tafuta gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako. Maduka ya saa 24 huuza mayai ya kuchemsha na vifua vya kuku vilivyopikwa tayari, kwa siku ambazo shule imekumaliza.

Samaki wa maji baridi mbichi usile, hata ukikaribishwa kwa upendo. Ndani yake kuna minyoo ya ini inayosababisha saratani ya mirija ya nyongo, na kaskazini mashariki mwa Thailand ndiko ugonjwa huo ulikokithiri kuliko popote duniani. Limau na pilipili haviui minyoo; moto ndio unaoua. Kwa saladi ya papai yenye samaki wa kuchachushwa, omba iliyochemshwa: «pla ra suk».

Wiki hii anza hivi: Jumatatu na Alhamisi madumu ya maji chumbani, Jumanne na Jumamosi ziwani kwa saa inayolingana na mwezi uliopo, Jumatano mazoezi ya muziki bustanini. Jipime uzito Jumapili asubuhi tu, na mzunguko wa kiuno mara moja kwa wiki mbili, usawa wa kitovu. Ukipungua nusu kilo kwa wiki uko sawa. Ukipita wiki tatu bila mabadiliko yoyote, usiongeze mbio. Rudi kwenye vinywaji na wali kwanza.